Pima Maji

Kabla ya yote, pima maji.
Nakiweka kile chombo ndani ya friji, juu ya rafu tupu,
na kiputo kinakimbilia kushoto
kama mbuzi aliyeona ua uko wazi.

Tumeegesha Lairg, nyuma ya uwanja wa mnada wa kondoo,
mahali palipoonekana tambarare gizani.
Macho ni waongo.
Natoka na vipande viwili vya mbao, navisukuma chini ya tairi,
mama anachungulia dirishani na kuuliza
kama tumekuja kulala au kujenga.

"Gari lisipokaa sawa haigandishi."
"Nini?"
"Friji."
Anacheka hadi anashika mbavu.

Kweli, haina mota. Haina kitu hata kimoja kinachozunguka.
Nyuma yake ni mabomba tu, yamejikunja kama utumbo,
na ndani yake maji na amonia, vimefungiwa humo tangu kiwandani.
Moto ukiyachoma maji, amonia inapanda,
inapoa huko juu, inateremka kwa uzito wake yenyewe,
na ikiteremka inaondoka na joto la maziwa, la siagi, la nyanya.
Kisha inarudi kwenye maji kama mke aliyesusa,
na safari inaanza upya.
Lakini gari likiinama upana wa vidole vitatu,
inatuama pembeni, inasahau njia ya nyumbani.

Haya alinifunza Bi Elspeth Rannie wa Dingwall,
aliyeniuzia gari pamoja na vijiko vyake na shuka moja.
Geuza swichi kwenye gesi. Bonyeza. Usiachie.
Washa. Tak. Tak. Tak.
Chungulia kitundu kile cha chini.
Ukiona buluu, hesabu ishirini bado umebonyeza,
kisha achia polepole, kama unayemlaza mtoto.

Nimepiga magoti, shavu kwenye zulia.
Tak. Tak.
Buluu.

Mama ameinama nyuma yangu, miwani puani.
Miaka arobaini amepuliza moto Wundanyi,
kuni mbichi, machozi, masizi mpaka kwenye kope,
na alichojua ni kwamba moto huzaa jivu.
"Na huu?"
"Huu unazaa barafu."
Anautazama ule ulimi mdogo usio na moshi
kama mwanamume aliyesingiziwa mimba.

Kisha anafungua mlango. Upepo wa Novemba unaingia na majani.
"Baridi si hii hapa? Ya bure, tele.
Wewe unainunua kwa mtungi."

Sina jibu la haraka.
Natoa insulini yake kwenye soksi, kalamu tano,
naziweka rafu ya kati, mbali na ukuta wa nyuma.
Baridi ya nje haijui kukoma, mama.
Ikizigandisha hizi, ni za kutupa.
Hii ina swichi.

Saa tisa usiku upepo unapiga matundu ya ubavuni
na buluu inakufa. Sikusikia kitu,
kwani hata ikiwa hai haisemi.
Mama ndiye aliyeniamsha:
"Moto wako umelala."
Sijui alijuaje. Labda mtu hawezi kuulinda moto nusu ya maisha
halafu akalala ukizimika.
Yuko sakafuni tayari, kanga mabegani juu ya koti langu,
amebonyeza, anahesabu kwa Kidawida,
amefika ishirini na anaendelea,
thelathini, arobaini,
hataki kuachia.

Asubuhi trei ya barafu imeganda ukingoni tu,
katikati maji yanatikisika.
Anatia kidole. "Bado changa," anasema,
na kukilamba.

Kabla ya kuondoka nafunga mtungi, nageuza swichi kwenye betri.
Gari halitembei na moto ndani.
"Usiuzime wote," ananiomba, "acha hata kaa moja."

Nimeshauzima.
Anakitazama kitundu cheusi mpaka Altnaharra.